Safari ya Taveta, na Neno na Jirani Zake

Desturi ya msafiri ni kuandika habari za milima na mito aliyoiona, nasi hizo tutaziandika kidogo. Lakini mzigo mkubwa tuliorudi nao kutoka Taveta si habari za mlima, bali ni habari ya namna mtoto anavyolifahamu neno ambalo hajapata kulisikia tangu azaliwe. Twaiandika kwa sababu katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, na kosa letu likampata mtoto wa watu.

Na tuanze na kosa, ndipo safari itakapofahamika.

Yapata miaka ishirini sasa, tulikuwa tukifundisha kusoma katika shule moja ya pwani. Siku moja darasa la nne walisoma habari za nchi za baridi. Ilielezwa ya kuwa watu waliamka asubuhi wakaona theluji imeanguka usiku bila sauti, nyeupe, laini, imefunika mashamba na mapaa ya nyumba. Tukauliza, "Theluji ni nini?" Darasa zima likanyamaza. Kisha kijana mmoja, mwana wa mvuvi, akainua mkono akasema, "Mwalimu, ni sufi."

Tukacheka. Na mwalimu akicheka, watoto hucheka mara mbili. Kisha tukaandika ubaoni, "Theluji ni maji yaliyoganda kwa baridi," wakaimba maneno hayo mara kumi, tukaendelea na somo. Tangu siku hiyo wenzake wakamwita yule kijana Sufi. Hapo kwanza alikuwa akisoma kwa sauti ya kupendeza. Sasa akawa akisoma kwa kunong'ona, wala hakuinua mkono tena mwaka ule wote. Alipomaliza shule ya msingi hakuendelea. Hatusemi ya kuwa aliacha kwa ajili ya neno moja, maana umaskini ulikuwako pia nyumbani kwao. Ila twajua ya kuwa mlango mmoja tuliufunga sisi.

Basi mwaka huu rafiki yetu mmoja, mwalimu mwanamke afundishaye karibu na Taveta, alituletea habari akisema, "Njoni mtazame jinsi watoto wangu wanavyosoma." Tukafunga safari, sisi na mwalimu mmoja mwenzetu.

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika Mazeras tuliviacha vilima vya Rabai upande wa kulia, nasi tukavitazama kwa heshima, kwa maana Rabai ni mahali pa kukumbukwa na kila mwalimu wa kusoma. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, wakakaa Rabai. Hawakuwa na kamusi ya Kiswahili ya kuwaongoza. Maneno waliyaokota midomoni mwa watu, katikati ya kazi na mazungumzo. Neno lisemwalo sokoni huja pamoja na bei yake, na neno lisemwalo shambani huja pamoja na jembe lake. Mwenye masikio huyapata yote mawili kwa mara moja. Kamusi ya Krapf ilichapwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa mwaka 1881. Na mtu akiifungua ataona ya kuwa mahali pengi hakutosheka kuandika maana peke yake, bali aliliweka neno ndani ya sentensi, kama mtu awekaye samaki ndani ya maji ili aonekane anavyoogelea.

Baada ya Mariakani tuliingia katika nyika ya Taru, nchi kavu yenye miiba na udongo mwekundu. Hata tulipofika Voi jua lilikuwa kali. Hapo tulishuka katika basi, tukapanda gari dogo la kwenda Taveta, tukapita Mwatate na Bura na Maktau. Njia hii tuliipita kwa saa chache. Rebmann alipoondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848, pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na wachukuzi, walikwenda kwa miguu majuma mawili kabla ya kuuona mlima wa Kilimanjaro.

Siku aliyouona ilikuwa tarehe 11 Mei 1848, yapata saa nne ya asubuhi. Aliona juu ya mlima kitu cheupe cha kung'aa, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Rebmann alikuwa mtu wa Ujerumani, ameiona theluji tangu utoto wake. Akauweka weupe aliouona kwa macho pamoja na baridi aliyoisikia kwa masikio, akafahamu mara moja.

Ndani ya gari mwenzetu akasema, "Yule kiongozi alikosa neno." Tukamjibu, "Hakukosa. Alisema upande aliokuwa nao. Yeye alikuwa na baridi, mgeni alikuwa na weupe, na neno likakamilika kati yao wawili."

Kisha tukakumbuka habari nyingine ya siku zile, ya kuwa watu walidhani kitu kile cha mlimani ni fedha. Kilipoteremshwa ndani ya chupa kikaonekana ni maji matupu. Je, walikuwa wajinga? La. Waliona weupe na kung'aa, na kwa kuwa mambo ya biashara waliyajua, wakataja kitu cheupe cha kung'aa walichokijua. Lakini bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyekuwa na vitabu vingi vya habari za Afrika wala hajapata kukanyaga nchi hii, alikataa kabisa ya kuwa iko theluji huko. Hata mwaka 1871 Charles New akapanda mpaka akaishika theluji kwa mikono yake.

Hapo, wasomaji, ndipo moyo wetu ulipochomwa. Watu wazima, wenye akili na safari nyingi, waliona weupe wakakisia fedha. Mtoto wetu alisoma weupe, na ulaini, na kuanguka bila sauti, akakisia sufi. Ni nani asiyejua jinsi sufi ianguka­vyo kutoka juu ya msufi wakati wa upepo? Mtoto yule alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko wale wa fedha. Nasi tulimcheka.

Tulifika Taveta jioni, tukakaribishwa kwa ndizi za kupika na maziwa. Mlima hatukuuona, kwa kuwa mawingu yaliufunika wote. Lakini asubuhi mapema, kabla ya jua kupata nguvu, mwenyeji wetu alituita nje, tukauona kilele cha Kibo kimesimama wazi. Neno hili tumelifundisha miaka mingi, na siku hiyo ndipo macho yetu yalipoliona kwa mara ya kwanza. Mwenzetu akasema, "Kumbe ni kidogo hivi!" Mwenyeji wetu akajibu ya kuwa wazee wa huko wanakumbuka weupe ulioteremka mbali zaidi. Naye alisema kweli, maana barafu ya Kibo imepungua sana tangu ilipochorwa katika ramani mwaka 1912. Huenda wajukuu wa Taveta nao wakalisoma neno hili kama tulivyolisoma sisi watu wa pwani, katika kitabu tu, bila kitu chenyewe.

Baadaye tukaenda shuleni. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni habari fupi aliyoitunga mwenyewe, nayo ilikuwa hivi:

"Upepo ulikaza, na jahazi likaanza kuchukuliwa na mkondo kuelekea miambani. Nahodha akapaza sauti, nanga ikatupwa majini. Jahazi likasimama, ijapokuwa mawimbi yalilipiga usiku kucha. Asubuhi bahari ilipotulia, mabaharia wakaing'oa nanga, wakatweka tanga, wakaenda zao."

Watoto wa Taveta wameona mitumbwi ya Ziwa Jipe, lakini jahazi wengi wao hawajaliona. Nanga kwao ni kama theluji kwetu.

Mwalimu hakueleza neno lo lote. Aliwaacha wasome kimya, kisha akauliza, "Nahodha ni mtu au ni kitu?"

Mtoto mmoja akasema, "Ni mtu, Mwalimu, kwa kuwa amepaza sauti."

Mwingine akaongeza, "Tena ni mkubwa wao. Aliposema, jambo likatendeka."

"Na nanga je?"

"Ni kitu. Imeandikwa *ikatupwa*, haikuandikwa *akatupwa*."

"Kitu gani?"

Msichana mmoja akasimama akasema, "Ni mzigo. Wameutupa ili jahazi liwe jepesi, lisizame."

Wenzake wawili watatu wakaanza kucheka. Mwalimu akainua mkono, akasema kwa upole, "Mwenzenu ametoa neno na sababu yake. Anayecheka naye na alete sababu." Pakawa kimya. Kisha akamgeukia msichana, akasema, "Vema. Basi tuliweke neno lako mahali pa nanga, tusome tena tuone kama litakaa."

Wakasoma wote pamoja: mzigo ukatupwa majini, jahazi likasimama. Hawajamaliza, yule msichana mwenyewe akasema, "Halikai, Mwalimu. Jahazi likiwa jepesi lingekwenda zaidi, nalo limesimama."

Kijana wa nyuma akasema, "Tena asubuhi wameing'oa. Kitu king'olewacho ni kile kilichoshika chini."

Na mwingine, ambaye kwa maneno yake tulijua kuwa ni mchungaji, akaruka akasema, "Basi ni kama kigingi cha mbuzi! Nikimfunga mbuzi wangu kigingini, hata akivuta, haendi."

Mwalimu akatugeukia akasema, "Wageni wetu wametoka baharini, nao ndio watakaotuhukumu." Tukaenda ubaoni tukachora nanga, chuma chenye makucha, na kamba yake nene, na jahazi juu yake. Watoto wakamtazama yule mchungaji kama mtu aliyewahi kufika Mombasa kwa siri. Na yule msichana wa mzigo alikuwa akicheka kwa furaha pamoja nao, maana yeye ndiye aliyefungua njia.

Neno *tanga* hawakuligusa. Tulipouliza sababu, mwalimu alisema, "Hilo litarudi kesho katika habari nyingine. Neno halizoeleki kwa kukutana mara moja, kama vile mtu hazoeleki."

Kabla ya kuondoka tuliomba ruhusa tuwaulize watoto swali moja. Tukasema, "Theluji ni nini?" Hakuna aliyejibu kwa maneno. Wote walinyosha vidole dirishani. Wingu lilikuwa limekwisha kuufunika mlima, lakini vidole vyote vilielekea mahali pamoja.

Sasa, walimu wenzetu, na tuyaweke pamoja tuliyojifunza. Vitabu vya siku hizi huliita jambo hili muktadha. Maana yake ni kwamba neno lina jirani zake, na mgeni akitaka kumjua mtu huanza kwa kuuliza jirani.

Jirani wa kwanza katika lugha yetu ni ngeli. Kiswahili kimetupa msaada ambao lugha nyingine hazina. Herufi ndogo iliyo mwanzo wa kitendo hutuambia kama jambo ni la mtu, au la mti, au la kitu. Mtoto akisoma *akapaza* na *ikatupwa* amekwisha kupata nusu ya habari. Wa pili ni shina la neno lenyewe. Mtoto ajuaye *kuvuka* aonyeshwe kwamba *kivuko* kimetoka humo, na ajuaye *kulinda* alitambue *mlinzi*. Wa tatu ni maneno madogo yaungayo sentensi. *Yaani* huleta maelezo; *kama* huleta mfano; *lakini* na *bali* huonyesha ya kuwa yanayofuata yanapingana na yaliyotangulia. Mtoto mwenye kuyaangalia haya hapotei upesi.

Na baada ya kukisia, lazima kupima. Liweke neno lako mahali pa lile geni, usome tena toka mwanzo mpaka mwisho wa habari. Likikaa, vema, lisipokaa, liondoe bila haya. Hapa ndipo tulipokosa sisi. Tulidhani kazi ya mwalimu ni kungoja jibu lililo sawa. Kumbe jibu lisilo sawa, likiwa na sababu, ni hatua ya kwanza ya safari, na asiyeruhusiwa kupiga hatua ya kwanza hafiki.

Lakini tusipite kiasi. Jirani wa neno hawasemi yote. Habari ikisema nyeupe tu, huwezi kupata baridi humo, wala si kosa la msomaji. Na ikiwa kila mstari una maneno mawili matatu yasiyojulikana, jirani nao ni wageni, hapana wa kuulizwa. Habari hiyo ni ngumu mno kwa darasa hilo, na itafutwe nyingine. Tena yako maandiko yasiyofaa kukisiwa hata kidogo. Karatasi ya dawa na hati ya shamba si mahali pa kujaribu bahati. Neno lisilojulikana huko liulizwe kwa ajuaye.

Kwenu ninyi mlio na watoto nyumbani, kazi hii haihitaji ubao wala chaki. Jioni mtoto asomapo kwa sauti, na akakwama katika neno, usimpe maana papo hapo. Mwambie, "Waonaje, mwanangu? Endelea mstari mmoja, kisha urudi." Kisha ungoje. Kungoja ndiko kugumu. Hata sisi tufundishao dini yatupasa kuangalia. Wa bara hukariri ya kuwa tumaini ni nanga ya roho, na hajui nanga. Wa pwani hukariri kuwa weupe kama theluji, na hajui theluji. Filipo alipolikaribia gari la yule mtu wa Kushi, alianza kwa kumwuliza kama anayafahamu anayoyasoma, wala hakumcheka.

Tuliporudi kwetu hatukupumzika mpaka tumemtafuta Sufi. Sasa ni mtu mzima, fundi wa mashua. Tulimkuta ufukoni chini ya mkungu, akiziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Tukaketi juu ya gogo, tukamwambia tulilolijia. Tukasema, "Siku ile ya theluji ulisema sufi, nasi tukakucheka. Ulikuwa umepata weupe, na ulaini, na kuanguka bila sauti. Ulikosa baridi tu. Kosa lilikuwa letu, nasi twakuomba radhi."

Alinyamaza kitambo, mkono wake ukiendelea kushindilia pamba katika ufa. Kisha akasema, "Mwalimu, hata baridi niliipata. Usiku ule nililala nikiwaza, nikakumbuka kwamba habari yenyewe ilikuwa ya nchi za baridi. Nikasema moyoni, basi si sufi, ni kitu kama barafu ile ya dukani, ila laini. Kesho yake nilijua. Lakini sikuinua mkono."

Hatukuwa na la kujibu.

Akaweka nyundo chini, akaita kuelekea nyumbani. Akaja msichana mdogo wa miaka tisa au kumi. Akamwambia, "Msalimu Mwalimu, kisha ulete kitabu chako." Tukasoma naye pale juu ya gogo mpaka jua lilipokuchwa. Ukurasa wa pili akakuta neno asilolijua, akanyamaza, akatutazama usoni.

Tukamwuliza, "Waonaje?" Tukangoja. Baba yake naye aliacha kazi, akangoja.